Namba za Kirumi Katika Mwambao wa Ziwa Viktoria: Historia na Hukumu Yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu ya kuandika na ya kuhesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Mtoto wa Kiislamu anayekulia Mwanza, iwe ni Kirumba, Igogo, Mabatini au Pasiansi, hufundishwa tarakimu mara tatu kabla hajamaliza shule ya msingi. Shuleni hufundishwa 1, 2, 3. Jioni akienda madrasa huzikuta ١, ٢, ٣ katika msahafu wake. Kisha siku moja mwalimu wa hisabati humwandikia ubaoni I, II, III na kumwambia kuwa hizi ni namba za Kirumi. Hapo ndipo baadhi ya wazazi huuliza: hizi za tatu zina faida gani, ikiwa hakuna anayeuza dagaa sokoni kwa namba za Kirumi? Wengine huenda mbali zaidi wakadai kuwa ni namba za kanisani, na kwamba mtoto wa Kiislamu hana haja nazo.

Suala hili linastahiki kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna historia ambayo Waislamu wa Kanda ya Ziwa hawasimuliwi, na mna hukumu ambayo hutolewa kwa pupa. Katika makala hii tutaeleza kwanza jinsi namba hizi zinavyoandikwa, kisha jinsi zilivyofika kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, kisha kile zinachokikosa, na mwisho tutaangalia hukumu yake. Msomaji ataona, inshaallah, kwamba namba za Kirumi zinafaa kusomewa lakini hazifai kuhesabia, na kwamba chombo cha kuhesabia kilichochukua nafasi yake kiliufikia ulimwengu kupitia mikono ya Waislamu.

Jinsi zinavyoandikwa

Warumi wa kale waliandika hesabu zao kwa herufi za alfabeti yao. Herufi zinazotumika ni saba tu: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500 na M ni 1000. Kanuni zake ni tatu.

Ya kwanza ni kujumlisha. Herufi yenye thamani ndogo ikifuata yenye thamani kubwa, huongezwa juu yake. Kwa hiyo VI ni 6, XV ni 15 na CX ni 110.

Ya pili ni kutoa. Herufi ndogo ikiitangulia kubwa, hupunguzwa kutoka kwayo. Kwa hiyo IV ni 4, IX ni 9, XL ni 40, XC ni 90, CD ni 400 na CM ni 900. Kutoa huku kuna mipaka: I huzitangulia V na X tu, X huzitangulia L na C tu, na C huzitangulia D na M tu. Ndiyo maana 99 huandikwa XCIX, wala haiandikwi IC.

Ya tatu ni kurudia. I, X, C na M huweza kurudiwa hadi mara tatu, lakini V, L na D hazirudiwi kamwe. Saa nyingi za ukutani huandika IIII mahali pa IV. Hiyo ni desturi ya zamani ya mafundi wa saa, na mwanafunzi asibabaike akiiona.

Njia nyepesi ya kuandika mwaka ni kuuvunja katika maelfu, mamia, makumi na mamoja, kisha kuandika kila fungu peke yake kuanzia kubwa. Tuchukue mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Elfu moja ni M, mia tisa ni CM, sitini ni LX na moja ni I. Tunapata MCMLXI. Mwaka 1892, ambao Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza, ni MDCCCXCII. Mwaka 1447 wa Hijria ni MCDXLVII.

Hapa walimu wetu wa madrasa wana jambo la kuangalia. Tarakimu ٧, ambayo mtoto ameizoea katika msahafu kuwa ni saba, ina umbo lile lile la V ambayo kwa Warumi ni tano. Nayo ١ ya Kiarabu na I ya Kirumi zote ni kijiti kimoja kilichosimama. Matokeo yake ni kwamba mtoto hodari wa chuoni akiiona VI anaweza kuisoma sabini na moja, na akiiona VII anaweza kuisoma mia saba na kumi na moja. Isitoshe, ٥ ya Kiarabu, ambayo ni tano, hufanana na 0 ya shuleni, ilhali sifuri ya Kiarabu ni nukta tu. Mtoto anayechanganya haya si mzito wa akili. Anasoma mifumo mitatu ya maandishi kwa siku moja, na hakuna aliyemkalisha akamwonyesha mipaka yake. Dawa yake ni nyepesi: ubao mmoja, safu tatu, namba zile zile zimeandikwa sambamba kuanzia moja hadi ishirini. Mwalimu akifanya hivyo mara chache tu, mkanganyiko huo huondoka.

Jinsi zilivyofika ziwani

Ni jambo lisilopingika kwamba hesabu za maandishi zilizotangulia kufika katika mwambao wa ziwa hili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwishafika Buganda, katika baraza la Kabaka Suna. Baada yake walikuja wengine kwa njia ya Unyanyembe, yaani Tabora, wakiwemo Waarabu na Waswahili wa pwani. Kabaka Mutesa, mwana wa Suna, alijifunza kusoma Kiarabu, na kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Upande wa kusini wa ziwa, pale Kageye katika wilaya ya sasa ya Magu, Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta mfanyabiashara Sungura akiwa ameshaweka makazi yake. Sungura huyo aliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza.

Msafara wa biashara hauendi bila daftari, na daftari za watu hawa ziliandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Hata maneno ya hesabu katika Kiswahili yanashuhudia jambo hilo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya asili ya Kibantu. Lakini sita, saba, tisa, ishirini, thelathini hadi tisini, kisha mia na elfu, yote yametokana na Kiarabu, na laki imetoka Bara Hindi.

Sasa namba za Kirumi ziliingiaje? Shahidi mzuri wa jambo hili ni sarafu, kwani sarafu humfikia hata mtu asiyekwenda shule.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alitoa pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Mwaka uliopigwa juu yake ni 1299 wa Hijria, kwa tarakimu za Kiarabu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilipotoa pesa yake ya shaba mwaka 1890, upande mmoja iliweka tai na maandishi ya Kijerumani, na upande wa pili ikaweka maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307 wa Hijria. Mtawala mgeni hakuona njia ya kuifanya fedha yake ikubalike ila kwa kuiandika kwa hati na kalenda ambayo watu waliijua. Huu ni ushahidi mkubwa dhidi ya wale wanaodai kuwa nchi hii haikuwa na watu wanaosoma kabla ya kuja mkoloni.

Lakini rupia ya fedha ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa na sura nyingine. Juu yake kulikuwa na picha ya mfalme wa Ujerumani na maneno ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Wilhelm wa Pili, Kaizari. Serikali ya Kijerumani ilipochukua shughuli ya kutoa sarafu na kuigawa rupia katika heller 100 mwaka 1904, maandishi ya Kiarabu yaliondoka kwenye senti za shaba, na ile II ikabaki kwenye rupia. Wakati huo kodi ya nyumba, iliyotungiwa sheria mwaka 1897, ilidaiwa kwa rupia. Kwa njia hiyo namba ya Kirumi ilishikwa na mkono wa mtu asiyejua herufi hata moja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza, na kuanzia mwaka 1921 shilingi ya Afrika ya Mashariki ikawa na maneno GEORGIVS V. Mwaka 1936 zilitolewa senti tano na senti kumi zenye tundu katikati na jina la EDWARDVS VIII, mfalme aliyejiuzulu mwezi wa Desemba mwaka ule ule kabla hajavishwa taji. Basi mtu aliyeishi Mwanza kwa miaka hamsini alikuwa ameshika mkononi II, V na VIII: namba ya kurudia, namba ya herufi moja, na namba ya kujumlisha. Ilipofika mwaka 1966 Tanzania ikatoa sarafu zake zenye sura ya Mwalimu Nyerere, na cheo chake kikaandikwa kwa maneno ya Kiswahili, Rais wa Kwanza. Namba ya Kirumi haikuhitajika.

Njia ya pili ilikuwa ni misheni na shule. Mapadri Weupe walifungua kituo chao Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na Kilatini kilikuwa lugha ya ibada yao na ya seminari zao. Serikali ya Kijerumani kwa upande wake ilianza kwa kuandikiana na maliwali na maakida kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Lakini shule zake zilifundisha herufi za Kilatini, na baada ya muda mtu asiyejua herufi hizo akahesabiwa kuwa hajui kusoma, hata kama anasoma na kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Waingereza wakaendeleza mtindo huo, na madarasa yakapewa namba za Kirumi. Hadi leo tunaandika Darasa la VII, Kidato cha IV na Vita Kuu ya II ya Dunia.

Majina ya wafalme nayo yaliguswa. Vitabu vya historia huandika Suna II, Mutesa I na Mwanga II, namba ambazo ziliwekwa baada ya hati ya Kilatini kuingia. Watawala wa Zanzibar hawakuhitaji namba, kwa sababu mila ya Kiislamu humtambulisha mtu kwa nasaba yake. Khalifa bin Said alitawala kuanzia 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub kuanzia 1911 hadi 1960. Jina la baba linatosha kuwatofautisha. Namba inakueleza kuwa huyu ni wa pili kwa jina hilo, lakini haikuelezi ni mtoto wa nani. Nasaba inakueleza anamrithi nani na nani ni maharimu wake, na hayo ndiyo mambo yanayohitajika katika sheria.

Tutaje mwaka mmoja unaotuhusu zaidi, nao ni 1888. Katika mwaka huo Mwanga aliondolewa katika kiti cha Buganda, naye akakimbilia kusini ya ziwa, kwanza Magu kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na baadaye kwa mapadri wa Bukumbi. Mwezi wa Oktoba Waislamu wakachukua madaraka kule, na Kalema akatawala akiwa Kabaka Muislamu hadi mwaka uliofuata. Msomaji akitaka kuuandika mwaka huo kwa Kirumi ataandika MDCCCLXXXVIII, herufi kumi na tatu. Kwa tarakimu za kawaida ni nne tu. Tofauti hiyo ya kumi na tatu na nne inatupeleka kwenye sehemu inayofuata.

Pengo la sifuri

Kila mzazi wa Tanzania anaijua orodha ya matokeo ya kidato cha nne. Ukiacha kipindi kifupi katikati ya muongo wa 2010 ulipotumika mfumo wa wastani wa alama, wanafunzi hupangwa katika divisheni I, II, III, IV, na kisha 0. Je, tumewahi kujiuliza kwa nini orodha inaanza kwa namba za Kirumi na kumalizia kwa tarakimu nyingine? Sababu yake ni kwamba Warumi hawakuwa na herufi ya sifuri. Orodha ikishafika chini ya IV na kutaka kusema hakuna, inalazimika kuazima.

Na inaazima kutoka wapi? Hesabu ya tarakimu tisa na sifuri ilianza Bara Hindi. Katika karne ya tisa ya Miladia, mjini Baghdad, wakati wa ukhalifa wa Al-Ma'mun na baada yake, alikuwapo mwanachuoni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Yeye aliandika kitabu cha kueleza hesabu hiyo ya Kihindi, kitabu ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Ulaya. Waarabu waliiita alama ya pahala patupu sifr, yaani kitu kitupu. Neno hilo lilikuja kwetu moja kwa moja likawa sifuri. Lilikwenda pia Italia likageuzwa, likapita Uingereza, na likarudi kwetu likiwa ziro. Kwa hiyo mtu anayesema sifuri na anayesema divisheni ziro wanatamka neno moja la Kiarabu lililopita njia mbili.

Leonardo wa Pisa, ambaye baba yake alikuwa na kazi ya biashara Bejaia katika Algeria ya leo, alijifunza hesabu hiyo kwa Waislamu wa huko, na mwaka 1202 akaandika kitabu cha kuwafundisha watu wa Ulaya. Hawakuipokea kwa urahisi. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za daftari kwa tarakimu hizo, kikitaka ziandikwe kwa herufi. Hofu iliyotajwa ni udanganyifu, maana 0 ni rahisi kugeuzwa kuwa 6 au 9. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na tutairudia katika hukumu. Lakini manufaa yalishinda, na namba za Kirumi zikaondoka katika daftari za biashara, zikabaki kwenye saa, majina ya wafalme na sura za vitabu.

Faida hiyo tuipime kwa mizani ya elimu yetu wenyewe, yaani mirathi. Al-Khwarizmi mwenyewe, katika kitabu chake cha aljebra, alitenga sehemu kubwa kwa masuala ya wasia na mirathi. Tuchukulie mtu amefariki Mwanza, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 3,600,000. Mke anapata thumni, yaani 1/8. Mama anapata sudusi, yaani 1/6. Mtoto wa kiume anachukua kinachobaki kwa uasaba. Asili ya suala ni 24: mke ana mafungu 3, mama 4, na mtoto 17. Fungu moja ni 3,600,000 kugawa kwa 24, sawa na shilingi 150,000. Mke anapata 450,000, mama 600,000 na mtoto 2,550,000. Jumla inarudi 3,600,000.

Mafungu yenyewe yanaandikika kwa Kirumi bila taabu: III, IV na XVII, jumla XXIV. Lakini jaribu kuandika mali yenyewe. Kwa herufi saba peke yake utahitaji M elfu tatu na mia sita. Warumi walikuwa na njia ya kuweka mstari juu ya herufi ili kuizidisha mara elfu, lakini hata hivyo kugawanya kunabaki kazi ya kokoto na vibao vya kuhesabia, maana namba za Kirumi hazina nafasi za mamoja, makumi na mamia ambazo mkono unaweza kuzifuata. Sifuri ndiyo inayolinda nafasi hizo. Ukiifuta katika 450,000 umebaki na 45, na haki ya mjane imepotea.

Hukumu yake

Tukija kwenye hukumu, tuanze na dai kwamba hizi ni namba za kanisani. Dai hili linavunjwa na tarehe. Warumi walikuwa wakiandika kwa herufi hizi karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), wakati ambapo hakukuwa na kanisa. Kanisa lilizirithi kama lilivyorithi Kilatini. Maulamaa wamekubaliana kwamba kujifananisha kunakokatazwa ni katika yale yanayohusu dini ya wengine na alama zao za kipekee. Ama vyombo vya maisha, kama vile kuandika, kupima na kuhesabu, asili yake ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Namba si ibada, na kusoma Darasa la VII si kukubali itikadi ya yeyote.

Pili, tunayo mifano ya waliotutangulia. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika, naye akajifunza kwa muda mfupi. Sababu iliyotajwa ilikuwa ni amana na haki. Baada ya Sham kufunguliwa, daftari za serikali ziliendelea kuandikwa kwa Kigiriki kwa miongo kadhaa, hadi zilipogeuzwa kuwa za Kiarabu katika zama za Abdul-Malik bin Marwan na mwanawe Al-Walid.

Mfano wa karibu zaidi na suala letu unatoka Morocco. Katika mji wa Fas, makadhi na waandishi wa hati waliandika hesabu za mirathi na mauziano kwa tarakimu maalumu zilizoitwa kalamu ya Fas, na pia tarakimu za Kirumi. Tarakimu hizo hazikuwa I, V na X. Asili yake ni herufi za Kigiriki, kwani Rumi katika maneno ya Waarabu ilikuwa ni dola ya Bizanti, ndiyo hiyo iliyotajwa katika Suratur-Rum. Hata hivyo jina lao linatosha kuwa funzo. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Malik hawakuona tatizo kutumia tarakimu zenye asili na jina hilo katika hati za mirathi, tena wakazipenda kwa kuwa si rahisi mtu kuzichezea.

Tatu, tuangalie maslahi. Katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu (s.w.) ameamrisha deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu. Lengo lake ni kuondoa shaka na kulinda haki. Leo Muislamu wa Mwanza anatia saini mkataba wa nyumba, wa mkopo, wa mtumbwi au wa kiwanja, na ndani yake vifungu vidogo vimeandikwa (i), (iv), (vi), (ix). Mtu asiyejua tofauti ya (iv) na (vi) anaweza kukubali sharti ambalo hakulikusudia. Elimu inayolinda mali isiliwe kwa batili haiwezi kuwa makuruhu. Kwa mtu wa kawaida ni jambo la halali lenye manufaa. Kwa anayeandika au kushuhudia mikataba ya watu, kuzijua ni sehemu ya uadilifu wake, na jamii ya Waislamu isiyokuwa na watu wa aina hiyo ina upungufu katika faradhi yake ya kutosheleza.

Pamoja na hayo, kujua kusoma namba za Kirumi hakuna maana ya kuziandikia hati zetu. Katika wasia, deni na talaka zenye malipo, kiasi kiandikwe kwa tarakimu za kawaida na kwa maneno kamili. Hati nyingi za Kiarabu za mauziano zilikwenda mbali zaidi: zilitaja kiasi kisha zikataja nusu yake, ili mwenye kutaka kugeuza alazimike kugeuza mahali pawili. Ile hofu ya Florence ya mwaka 1299 wazee wetu walikuwa na dawa yake.

Linabaki jambo moja la kukumbushana. Baadhi ya wanaozikataa namba za Kirumi kwa kuwa ni herufi zilizogeuzwa namba, wao wenyewe huandika 786 juu ya barua na milango ya maduka. Namba hiyo hutokana na hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani, kuanzia alifu yenye moja hadi ghaini yenye elfu. Herufi za Basmala zikijumlishwa, 102 na 66 na 329 na 289, zinafika 786. Kwa hesabu ni sahihi. Lakini maulamaa wengi wameeleza kwamba namba haisimami mahali pa Basmala, na thawabu ziko katika kuitamka au kuiandika yenyewe. Abjadi ilikuwa chombo cha kuandikia tarehe na jedwali za nyota, kama herufi za Kirumi zilivyokuwa chombo. Anayekiheshimu chombo kimoja hadi kukitukuza, na kukichukia kingine hadi kukiharamisha, amekosea mara mbili.

Kwa kumalizia, tunawausia wazazi wa Mwanza na wa mwambao mzima wa ziwa, kuanzia Musoma hadi Bukoba, wawaache watoto wao wajifunze namba za Kirumi vizuri, tena wawasaidie. Tunawausia walimu wa madrasa watenge kipindi kimoja tu cha kuandika safu tatu ubaoni, na siku hiyo hiyo wawasimulie watoto habari za pesa ya Barghash, za Al-Khwarizmi na za neno sifuri. Mtoto atakayeambiwa hayo ataisoma VII ya darasa lake bila kuichanganya na ٧١١ ya chuoni, na akiiona 0 katika orodha yoyote atajua imetoka wapi.

Wallahu aalam.